Mashine Haikula Kiapo

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo. Nyinyi mnaobaki pale dukani mmenisumbua mwaka mzima: "Bi Mwaju, andika, usije ukaondoka na kila kitu kichwani." Haya, naandika. Nililipwa kiasi gani na nani alipandishwa cheo akaniruka, hayo siyaandiki. Hayawasaidii kitu, na mimi yananipandisha presha. Nitawaeleza kuhusu mashine nilizozishika, walionifundisha, na asubuhi moja ambayo hadi leo nikiikumbuka nainuka kitini.

Nilianza kazi kwenye ubao wa simu hapahapa Singida Mjini, zamani zile ambapo ukitaka kuongea na mtu wa Itigi unamwomba mwanamke akuunganishe, na mwanamke mwenyewe ndiye mimi. Ubao ulikuwa na matundu na taa ndogondogo, nasi tulikaa mbele yake tumevaa vipokea sauti, tukichomoa waya huku na kuuchomeka kule. Siku ya kwanza sikugusa waya hata mmoja. Niliapishwa. Mimi nilishika Msahafu, mwenzangu Mkristo akashika Biblia, tukaapa kwamba tutakayoyasikia kwenye laini hayatatoka nje ya chumba kile. Nilikuwa msichana, nikaona makuu yote hayo ya nini, kwani watu wanaongea siri gani Singida?

Mkuu wa zamu alikuwa Bi Stella, mwanamke mfupi kutoka Iramba, mwenye miwani minene na subira kidogo sana. Wiki yangu ya kwanza ilipoisha aliniita pembeni akaniuliza kwa upole, "Hivi jana yule mfanyabiashara wa ngozi alimwambia nini mkewe?" Mimi, kwa kutaka kumfurahisha, nikaanza kusimulia. Sikumaliza sentensi. Alinivua vipokea sauti kichwani, akanipa kitambaa, nikafuta vumbi kwenye ubao kwa wiki mbili nzima bila kuunganisha simu hata moja.

"Sikio ni la kazi," aliniambia. "Mdomo ni wako. Ukivichanganya, kauze nyanya."

Wauza nyanya mnisamehe, ni maneno yake. Lakini yaliniingia. Kwa miaka yote niliyokaa pale nilijua nani anaumwa, nani anahama, nani amemwacha nani, na nilipokutana na watu hao sokoni niliwauliza habari za mvua tu.

Kisha likaja soko huria. Maduka yakajaa vitu, mabasi yakaongezeka, ushirika ukadhoofika, na mtambo mpya wa simu ukafika, unaojiunganisha wenyewe bila mwanamke katikati. Tukaambiwa tunapunguzwa. Nilirudi nyumbani Utemini nikakaanga maandazi, na nasema wazi, nilisononeka. Si kwa ajili ya maandazi, yalikuwa matamu. Nilikosa kelele za laini.

Ndiyo maana siku Bwana Nassoro aliponiita, nilikwenda mbio, khanga nimeivaa ndani nje. Bwana Nassoro alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, baba yake wa Kondoa na mama yake wa Tanga, mtu asiyeweza kuona kitu kipya akakiacha kipite. Nyuma ya duka lake, baada ya majora ya kitenge, alikuwa ameweka kompyuta tatu. Akaniambia, "Dada Mwaju, wewe ni mtu wa mawasiliano. Hii nayo ni mawasiliano. Kaa hapo." Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Panya wa kompyuta sikuwahi kumwona maishani. Nilimwinua hewani nikamwelekeza kwenye kioo, nikabonyeza, na nikashangaa mbona hakuna kinachotokea. Fundi Yona alicheka mpaka akakaa chini. Yona alikuwa Mnyiramba wa makamo aliyejifunza kazi hizo Dodoma, na kwa vile mimi ni Mnyaturu, hakuacha hata siku moja kunitania kwamba sisi tumezoea panya wa ghalani. Lakini alinifundisha vizuri. Alipowasha modemu mara ya kwanza, kile kidude kikaanza kulia, kikikoroma na kupiga mluzi, moyo wangu ukaruka. Ile ilikuwa laini ya simu! Laini yangu ileile, sasa inaongea lugha nyingine! Niliita watu kutoka barabarani waje wasikie. Bwana Nassoro alidhani duka linaungua.

Jamani, siku zile! Mtu wa Singida anaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, anangoja kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, halafu majibu yanashuka kutoka pande zote za dunia. Mzee mmoja aliuliza habari za ndege aina ya mbuni, akapata picha, akataka kuipigia makofi. Wafanyabiashara waliuliza bei ya alizeti na asali. Walimu waliuliza mitihani. Kila aliyeingia alitoka anaongea kwa sauti ya juu, na mimi nilirudi nyumbani kila siku miguu inaelea.

Hakuna aliyeniambia kwamba mashine inakumbuka. Nililijua kwa aibu ya mtu mwingine. Mteja mmoja, mwuza nyama wa sokoni, alikaa akaandika herufi moja tu kwenye kisanduku, na chini yake ikashuka orodha ya maneno yaliyowahi kuandikwa hapo. La kwanza lilikuwa: namna ya kuotesha nywele kwenye kipara. Alilisoma kwa sauti. Foleni nzima ikavunjika mbavu, na kwa kuwa aliyetoka kwenye kiti kile dakika chache kabla alikuwa mwalimu mwenye kipara, hapakuwa na haja ya ramli. Kufikia adhuhuri mji ulikuwa unajua. Mwalimu yule hakurudi tena dukani kwetu, na nilipokutana naye alipita upande wa pili wa barabara.

Mimi sikucheka. Nilihisi Bi Stella amesimama nyuma yangu na kitambaa cha vumbi. Nilimpigia Yona nikamfokea, "Umeniletea mashine mbea!"

"Si mbea," akasema. "Inakumbuka ili ikusaidie. Haijui lipi la kusema na lipi la kunyamazia. Hilo ni lako."

Alikuja na basi la kesho yake kutoka Dodoma akanionyesha. Nanyi leo, kwa simu zenu hizo nyembamba, mnadhani mambo yamebadilika. Hayajabadilika. Kuna orodha ya kurasa zilizofunguliwa, ambayo ndiyo historia. Kuna maneno yaliyoandikwa kwenye visanduku, ambayo hukaa mahali pake tofauti, na ukifuta historia ukayaacha hayo, hujafuta kitu. Kuna vidakuzi, vijifaili ambavyo tovuti inaviacha kwenye mashine ili ikutambue ukirudi; Yona aliviita vibiskuti, na kwa muda mrefu nilidhani ndilo jina lake la serikali. Kisha kuna barua pepe yenyewe. Kufunga dirisha si kutoka. Lazima ubonyeze pale palipoandikwa kutoka, uone imekuuliza tena neno la siri, ndipo uinuke. Na neno la siri haliandikwi kiganjani. Nilikuwa na wateja waliokuja wakipungia mkono watu njiani na neno la siri liko wazi kama hina.

Basi nikaweka utaratibu. Mteja akimaliza ananiambia, "Dada, nimemaliza," nami nakwenda nafuta vyote kabla ya kumkaribisha mwingine. Niliita kazi hiyo kufuta meza, kwa sababu hata kwa mama ntilie hukalishwi kwenye makombo ya mtu. Nilijisifu sana. Nilidhani nimeziba kila tundu.

Sasa niwaambie juu ya Rehema. Alikuwa fundi cherehani wa Utemini, ameolewa miaka minne, hana mtoto. Alikuwa anakuja mara moja kwa wiki, na kwa kuwa Kiingereza kilimpiga chenga alinikalisha karibu nimsaidie kuandika, kwa hiyo mambo yake niliyajua. Hospitali iliwapima wote wawili. Rehema alikuwa mzima. Tatizo lilikuwa kwa mumewe. Mume alimwomba kwa machozi asimwambie mtu yeyote, na Rehema akakubali, akabeba yeye. Mashangazi wa mume walipokuja kumsema, alinyamaza. Walipoanza kutaja jina la binti wa kuletwa awe mke wa pili, alinyamaza. Alichofanya ni kuja kwetu kutafuta kama kuna tiba, na kumwandikia barua pepe daktari mmoja wa Dar es Salaam aliyejibu maswali ya watu. Siri ile ikitoka, mume angeumbuka mbele ya ukoo mzima, na Rehema aliamini ndoa isingepona.

Asubuhi ile duka lilikuwa limejaa, siku ya mnada. Rehema alikuwa kwenye mashine ya dirishani, yenye kiti cha mgongo. Barua yake kwa daktari ilikuwa wazi kwenye kioo, kwa Kiswahili kilichonyooka, jina la mume likiwa mstari wa kwanza. Mlangoni akaingia mzee mwenye koti na kofia, akauliza kama hapa ndipo mashine inapoulizwa maswali. Mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikapaza sauti: "Karibu baba, mzee hasimami! Jamani, mpisheni mzee akae."

Rehema aligeuka. Mzee yule alikuwa baba mkwe wake.

Nyinyi mtasema, si angefunga tu dirisha? Hamjui mkamwana wa kwetu akimwona mkwe ghafla. Alishainuka kabla hajawaza. Alipiga goti, "Shikamoo baba," akarudi nyuma hadi kwenye majora ya kitenge, macho chini. Mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaketi kwenye kiti kilekile. Sasa Rehema atarudi vipi? Ainame juu ya bega la mkwe wake, anyooshe mkono mbele ya uso wake? Afadhali angeingia moto. Aliniangalia, na sijawahi kuona macho ya kuomba namna ile.

Mzee Ntandu, ndilo jina nitakalompa, alikuwa karani wa ushirika enzi zake. Kusoma alikuwa anasoma kuliko sisi sote. Kilichotuokoa ni miwani. Aliitafuta mfuko wa kushoto, akaikosa. Akaitafuta wa kulia, akaipata. Akaipulizia pumzi, akaanza kuifuta kwa pindo la shati, taratibu, kioo kimoja, halafu cha pili.

Sikuwaza. Nilipiga hatua mbili nikashusha swichi kuu.

Giza kwenye vioo vyote vitatu. "Aaah!" watu wakapiga kelele, na kila mmoja akawalaumu wenye umeme, ambao siku ile, Mungu anisamehe, hawakuwa na kosa lolote. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anavaa miwani. Alikitazama kioo cheusi akasema, "Basi hata hii nayo inazimika."

Kwa nje nilikuwa natoa pole kwa wateja. Kwa ndani nilikuwa nacheza ngoma! Furaha ile ilidumu hadi nilipopandisha swichi. Hapo nikakumbuka kwamba barua imekufa lakini kumbukumbu iko palepale. Kurasa zote za Rehema zilikuwa kwenye historia, maneno yake yote yalikuwa chini ya kisanduku, yanangoja herufi moja tu. Na mzee alikuwa hajaondoka kwenye kiti.

"Baba, niachie niiwashe mimi," nikamwambia. "Ikizimwa ghafla inataka mkono wa mwenyeji."

Alisogea, lakini alisogea kidogo. Na mashine, mnajua mashine za zamani, zikizimwa vibaya zinalipiza. Ikaleta kioo cha bluu, ikaanza kujikagua tumboni, mstari mdogo unasogea kama konokono. Mzee amekaa bega kwa bega nami, miwani puani, anautazama mstari kwa hamu kubwa. Rehema yuko kwenye vitenge, amelishika jora kwa mikono miwili. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye kibodi. Mstari ulipofika mwisho nikaingia moja kwa moja kwenye mipangilio: historia, futa. Maneno ya kwenye visanduku, futa. Vibiskuti, futa. Mafaili ya muda, futa. Vidole vilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbiza waya kwenye ubao wa simu.

"Unafuta nini, mwanangu?"

"Meza, baba. Kabla ya mgeni mpya."

Nikabonyeza herufi moja kwenye kisanduku, kujaribu. Hakikushuka kitu. Ilikuwa safi! Nilitaka kupiga vigelegele. Nilipogeuka, Rehema alikuwa ameshatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona ameegemea ukuta wa duka la jirani, khanga usoni, mabega yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote.

Nikamgeukia mzee. "Haya baba, tutafute bei ya alizeti?"

Alitazama huku na huku. Akaanza kuninong'oneza kwa Kinyaturu, nami nikamwonya kwamba nusu ya watu waliomo humu ni Wanyaturu. Basi akatoa kalamu mfukoni, karani ni karani, akaandika kwenye kipande cha karatasi kwa mwandiko mzuri wa ofisini, akanisogezea. Nilisoma. Aliuliza kama kijana aliyeugua matumbwitumbwi makali, yakamshukia sehemu za siri, anaweza kupata mtoto akiwa mtu mzima.

Niliisoma mara ya pili.

Akanyakua karatasi, akaongeza mstari wa pili: Nilichelewa kumpeleka hospitali. Ulikuwa msimu wa ununuzi wa mazao. Sasa wanamsema mke wake.

Vijana, hapo ndipo kazi hii ilinibana. Mkwe na mkamwana wa nyumba moja, swali moja, kiti kimoja, na kati yao ukuta wa dukani tu. Neno langu moja lingewakutanisha. Ningetoka nje nikamshika Rehema mkono, yote yangekwisha. Niliutamani wema ule, nawaambieni ukweli, uliniwasha ulimini. Lakini siri haikuwa yangu. Ilikuwa ya Rehema, na nyuma yake ya mume ambaye hata hakujua kwamba mimi najua. Nikaandika swali la mzee kwenye kisanduku, nikamtafsiria majibu kwa sauti ya chini. Inawezekana, mara nyingine, madaktari wapo, wapimwe. Alisoma mwenyewe pia, mara mbili, akivuta kioo karibu.

Kisha akavua miwani. "Aliyekuwa amekaa hapa ni mkamwana wangu. Alikuwa anatafuta nini?"

"Baba," nikamwambia, "yeye akija kuniuliza ulichotafuta wewe, ungependa nimwambie?"

Alikunja miwani akaikunjua. Foleni ilianza kukohoa.

"Na hii mashine?"

"Ukiinuka nafuta. Lakini karatasi chukua mwenyewe. Karatasi siwezi kuifuta."

Aliikunja akaiweka ndani ya kofia. "Kwa hiyo hakuna wa kunisaidia kusema," alisema.

"Hakuna, baba. Hilo ni la mdomo wako."

Alitoka. Nikafuta meza yake kama nilivyofuta ya mkamwana wake, kila kitu, mpaka cha mwisho. Usiku sikula. Wiki ile yote kila mlango ulipolia niliruka, na Rehema hakuja.

Siku ya nane nilikwenda stendi kupokea kifurushi cha Yona. Basi la kwenda Dodoma na Dar es Salaam lilikuwa linanguruma, na mlangoni niliwaona watatu. Rehema mbele, mumewe nyuma yake, na Mzee Ntandu amebeba begi la mkamwana wake kichwani, mkwe mzima, mbele ya stendi nzima, na watu wanamtazama. Aliniona. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Aliinua begi kidogo tu, kama mtu anayeinua kofia, akapanda. Nililia palepale kwa furaha, mpaka mpiga debe akaniuliza kama nimeachwa na gari.

Najua mtakachoniuliza mkimaliza kusoma. Je, walipata mtoto? Jibu ninalo. Nilipoanza kuandika haya nilikwenda kwao kuomba ruhusa, tukanywa chai, tukacheka sana habari ya swichi. Wakaniruhusu niwasimulie hadi mlango wa basi.